Mfanyakazi aliyefiwa na mtu aliyejiua akirudi kazini, tunampokeaje? (Uzi wa kukusanya maoni)

KatibuTawi

Wakuu, salaam.

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar. Tuko kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, na kipengele cha misiba kimeangukia mezani kwangu. Misiba ya kawaida hainipi shida. Kila mahali pa kazi nchi hii panaijua shughuli hiyo hata ukiwaamsha watu usiku wa manane: tangazo linabandikwa, daftari la rambirambi linazunguka, Coaster inakodiwa, wawili watatu wanatangulia na mchele na sukari, na anayesafirisha mwili mkoani anakabidhiwa chake mkononi kabla gari halijaondoka.

Kinachonisumbua ni msiba wa mtu aliyejiua. Hapo kila kitu kinakwama. Nimeona daftari likipitishwa chini kwa chini kama karatasi ya kamari. Nimemsikia mkuu wa idara akiuliza kama "na huo nao" ni msiba wa kupeleka gari. Nimesoma tangazo lililosema mwenzetu "amepata matatizo ya kifamilia", na kufikia saa nne asubuhi kiwanda kizima kilikuwa kinajua matatizo hayo ni yapi, pamoja na nyongeza ambazo hazikuwepo.

Nitatoa mfano mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mhusika asijulikane. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha alifiwa na mumewe kwa namna hiyo. Aliporudi, saa ya chakula alikaa peke yake kwenye benchi la kantini la watu sita, na sahani yake ya wali maharage. Wenzake hawakumchukia, walikuwa tu hawajui waseme nini, kwa hiyo kila mmoja akapata sababu ya kukaa kwingine. Ikaja awamu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza: waliosogea, walisogea na maswali. Ilikuwaje? Mlikuwa mmegombana? Aliacha barua? Wewe hukuona dalili yoyote? Akajibu wa kwanza, akajibu wa pili. Baadaye akaomba apangwe zamu ya usiku, kwa kuwa usiku watu ni wachache. Msimamizi wa zamu alikuwa na upungufu wa watu usiku, akasaini palepale bila swali hata moja. Mjane mbichi, na nyumbani watoto walioanza kuogopa giza, sasa wanalala bila mama.

Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi. Rosta ilijazwa, kazi ikaendelea, na yeye akazidi kuzama.

Msimamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kuupiga. Kwanza, msiba huu uendeshwe SAWASAWA na mwingine wowote: gari lilelile, kiwango kilekile cha rambirambi kilichoandikwa, tangazo palepale ubaoni. Ukipunguza chochote umeshatoa hukumu, na mfiwa atauona upungufu huo hata kama machozi yamemjaa. Pili, kazi yetu kubwa inaanza pale ambapo kwa kawaida tunaona tumemaliza, yaani siku mfiwa anaporudi getini. Wiki ya msiba watu huwa wengi. Ni mwezi wa tatu ndio mtu anaanza kukosea hesabu za katoni, na msimamizi anaandika barua ya onyo.

Naomba uzoefu. Wafiwa wenyewe, mabosi, watu wa utumishi, wa sheria, wa afya. Ombi moja kwenu wote: tusielezane mtu alijiua vipi. Haimsaidii yeyote, na humu wanapita watu ambao roho zao si nzima leo.

---

ChumviKidogo

Naweka kambi hapa. Mada ngumu hii.

---

Mwajiri_Mdogo

Katibu, nitasema yale ambayo wengine wanayasemea moyoni. Nina karakana yenye watu kumi na wanane. Mtu akifiwa namsikitikia, nachangia, naenda kuzika. Lakini kazi ni kazi. Nikianza kutofautisha, huyu kafiwa kwa ajali, huyu kwa kisukari, huyu mtu wake kajiua, nitaweza kuwapangia watu kazi kweli? Na mbona anayefiwa na mtoto kwa malaria haanzishiwi uzi?

---

KatibuTawi

@Mwajiri_Mdogo hoja ya haki kabisa. Sisemi kifo hiki ni kizito kuliko cha mtoto wa malaria. Ila aliyefiwa kwa malaria hakuna anayemuuliza kama yeye ndiye aliyesababisha. Hahojiwi na polisi. Hasikii mtu akinong'ona "yule pale" anapopita kwenda chooni. Ukiyaondoa hayo matatu, mwangalie kama mfiwa mwingine yeyote, nami nitakuunga mkono.

---

DerevaWaMasafa

Mimi ni mfiwa. Mdogo wangu, tumbo moja. Miaka imepita sasa, naweza kuandika.

Nianze na hilo la polisi maana wengi hawalijui mpaka liwakute. Kifo cha namna hii lazima polisi wafike, mwili ukaguliwe na daktari, ndipo mpewe ruhusa ya kuzika. Simu ya marehemu inaweza kuchukuliwa, na kama kuna karatasi aliyoandika inachukuliwa. Ndugu wa karibu wanaandikisha maelezo. Hata baada ya kuzika mnaweza kuitwa tena kituoni. Sasa wewe umepewa ruhusa ya siku chache, umerudi kazini, halafu simu inaita: njoo kituoni kesho saa tatu. Utamwambia nini bosi? Mimi nilisema naumwa jino.

Yaliyonisaidia hayakuwa makubwa. Msimamizi wetu wa magari alinipigia kabla sijarudi, akauliza swali moja tu: "Unataka wenzako waambiwe nini?" Sikuwa nimefikiria kama hilo ni jambo la kuchagua. Nikamwambia waambie ukweli, ila waambie sitaki kuulizwa. Akawaambia asubuhi ile wakati wa kukagua magari, kwa sentensi kama mbili, wakaelewa. Safari zangu za mwanzo hakunipangia Tunduma peke yangu, alinipa njia fupi na tandiboi mwenye maneno mengi. Yule kijana aliongea Simba na Yanga kutoka Kibaha mpaka Morogoro, na ndiye aliyeniuliza mdogo wangu alikuwa anashabikia timu gani. Wengine wote walikuwa wanalikwepa jina la marehemu kama vile hakuwahi kuzaliwa. Nilipomjibu Yanga, nikacheka, halafu nikasimamisha gari pembeni nikalia. Akashuka akanunua maji. Basi.

Kitu kingine ambacho ofisi hazikitegemei: hasira. Nilimkasirikia marehemu vibaya sana. Mtu akiniambia "pole, Mungu alimpenda zaidi" nilikuwa nataka kumrushia spana. Mfiwa wa namna hii leo analia, kesho amenuna, keshokutwa anafanya kazi kama mashine bila kupumzika. Msimwandikie utovu wa nidhamu haraka.

---

ChumviKidogo

@DerevaWaMasafa pole sana kaka. Mdogo wako apumzike.

---

Kifungu

Niweke ya sheria ili kipengele cha Katibu kiwe na miguu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Sheria haiulizi alikufaje, kwa hiyo meneja anayesita kwa sababu marehemu alijiua hana pa kusimamia.

Matatizo ni haya. Siku hizo 4 ni jumla kwa mzunguko wa likizo, yaani miezi 36 ya kazi. Si 4 kwa kila msiba. Ukifiwa mara mbili ndani ya mzunguko mmoja, za ziada zinategemea hiari ya mwajiri na hazina malipo. Halafu angalieni nani hayumo: mjomba, shangazi, mama mdogo, binamu, shemeji, mchumba. Kwetu mtu kalelewa na mama mdogo, karatasi inamwona mpita njia. Na usafiri! Ukizikia Bukoba kutokea Dar kwa barabara, kwenda na kurudi pekee kunakula nusu ya siku hizo, na huu msiba mwili unachelewa kutoka kwa sababu alizozitaja dereva.

Jambo ambalo wafiwa wengi hawaambiwi ni kwamba sheria hiyohiyo ina likizo ya ugonjwa, siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari aliyesajiliwa. Asiyelala, asiyekula, anayetetemeka akisikia simu inaita ana haki ya kumwona daktari, na daktari akiona anaumwa, basi anaumwa. Hakuna haja ya kusingizia jino.

Sheria ni kima cha chini tu. Mkataba wa hali bora unaweza kwenda juu yake, ndiyo maana ya majadiliano. Katibu, omba siku 7 hadi 10 na upanue orodha ya ndugu. Ongeza mstari wa saa za kwenda polisi au mahakamani kwa ajili ya kifo hicho zisikatwe mshahara.

---

Mlolongo_Road

Hapa Kenya afadhali nyinyi mna hizo 4. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 haina likizo ya msiba kabisa. Inategemea mwajiri, au mkataba wa chama kama mko na chama. Wengi hukatwa kutoka zile siku 21 za likizo ya mwaka, kwa hivyo mtu anamaliza likizo yake mochari na kwa kamati ya mazishi, halafu mwaka mzima hana siku ya kupumua.

Kitu kimoja kimebadilika. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Mnaweza kudhani haihusu ofisi, lakini inahusu. Dada mmoja kwa timu yetu alipoteza kakake, na yeye mwenyewe akaanza kuwa na mawazo hayo. Hakuambia mtu kwa sababu aliogopa kushikwa. Alidhani hata kuwaza ni kosa.

---

Kifungu

@Mlolongo_Road shukrani. Kwetu Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio kuwa kosa. Ila wasomaji wa Bara waelewe vizuri: KUWAZA na KUMWAMBIA MTU unachowaza si kosa. Mfiwa akikuambia anatamani kumfuata marehemu, ameomba msaada. Usikimbilie kituoni, kimbilia hospitali.

---

NesiZamuYaUsiku

Nashukuru mmefika hapo kabla yangu, maana ndipo nilipotaka kuanzia.

Mnaomwona @Mwajiri_Mdogo mkali, swali lake lina jibu la kitaalamu. Watafiti wa chuo cha University College London, UCL, mwaka 2016 walichapisha utafiti wa watu 3,432 wa vyuo vikuu vya Uingereza, wafanyakazi na wanafunzi wa miaka 18 hadi 40, wote waliofiwa ghafla na ndugu au rafiki. Waliofiwa kwa kujiua walikuwa na uwezekano wa asilimia 65 zaidi wa kujaribu kujiua wao wenyewe, wakilinganishwa na waliofiwa ghafla kwa maradhi. Na uwezekano wao wa kuacha kazi au masomo ulikuwa asilimia 80 zaidi. Kitu walichokiona kinachangia sana ni kule mtu kuhisi anatengwa na kuhukumiwa. Ni Uingereza, si Buguruni, lakini mtu aliyeachwa peke yake kwenye benchi la kantini anafanana kokote.

Kwa hiyo ndugu Mwajiri, fundi wako uliyemfundisha miaka yuko kwenye hatari ya kuondoka karakanani, na wakati mwingine ya kuondoka duniani. Ndiyo tofauti.

Sasa mnachoweza kufanya bila kuwa wataalamu. Ukimwona mfiwa anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, anasema "mimi ni mzigo tu", ameanza kunywa kuliko zamani, au ghafla ametulia sana baada ya kipindi kibaya, mkae mahali penye faragha umuulize wazi: "Je, unawaza kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Haiko hivyo, na Shirika la Afya Duniani limelisema hilo mara nyingi. Wengi wanapumua, kwa kuwa hatimaye kuna mtu kathubutu. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, usimhubirie, usimwahidi kwamba utaficha. Msindikize. Hapa Dar kuna idara ya afya ya akili Muhimbili, Dodoma kuna hospitali ya Mirembe, na hospitali ya mkoa wako ina pa kuanzia. Usimwandikie anuani kwenye kikaratasi ukamwambia nenda, panda naye gari.

Kwa watoto wa mfiwa, namba 116 ni ya bure, ya huduma kwa mtoto Tanzania. Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Na kama wewe unayesoma ndiye unayewaza hivyo usiku huu, acha uzi, mpigie au mwamshe mtu mmoja aliye karibu umwambie neno kwa neno. Uzi utaukuta kesho.

---

Mwajiri_Mdogo

Nesi, nimekuelewa. Sikuwa nabeza. Niambieni basi kitu cha kufanya ambacho karakana yenye watu kumi na wanane inakiweza. Sina mshauri nasaha, sina bajeti ya semina.

---

BibiHesabu

Mwanangu @Mwajiri_Mdogo, nimekaa utumishi na uhasibu mpaka nikastaafu, nikwambie.

Kabla hajarudi, mpigie. Wewe mwenyewe, usimtume karani. Muulize wenzake waambiwe nini, na nani awaambie. Akisema familia haitaki itajwe kwamba alijiua, mnaandika "amefariki ghafla" mnaishia hapo, na wewe ukiulizwa jibu lako ni hilohilo. Usiseme uongo wa presha au ajali, utaumbuka. Akisema waambieni, waambie watu wote kwa pamoja kwa dakika tatu, mwenyewe akiwa hayupo. Waambie na maswali ambayo hayaulizwi: sababu, namna, barua, dalili. Walokole na mashekhe wa karakana waambie mapema mahubiri yabaki getini.

Siku ya kurudi asifike saa moja na kundi. Mwambie afike saa tatu, mpokee, mkalishe na mwenzake anayemwamini. Wiki ya kwanza nusu siku kama inawezekana. Muondoe kwenye pesa na kwenye mashine inayokata, si adhabu, bali kichwa hakipo. Mwambie hivyo hivyo: "Nakutoa kaunta kwa mwezi mmoja, kaunta ni yako, utairudia." Usipomwambia atadhani unamwondoa kazini taratibu.

Halafu tafuta kalenda. Andika arobaini, andika mwaka, andika siku ya kuzaliwa marehemu ukiijua. Siku hizo atakuwa mzito, na kama ni Muislamu kuna hitima, kama ni Mkristo kuna misa au ibada. Mpe ruhusa kabla hajaomba. Haya yote niambie yamekula shilingi ngapi.

Msaidie na karatasi. Mwenza akifa kwa namna hii kuna akaunti, kuna mafao, kuna mirathi, na mfiwa hana akili ya kujaza fomu. Mimi nilikuwa nakaa naye mchana tunajaza moja moja. Nimeona wanawake wakilia kwenye fomu penye neno "mjane" kuliko walivyolia makaburini.

---

Mwajiri_Mdogo

Asante sana mama. Hili naliweza.

---

SautiYaNyikani

Mnapamba sana. Maandiko yako wazi, aliyejiua kapotea, hata kuzikwa kwa ibada hastahili. Kwa nini kampuni ipeleke gari na shada kwenye msiba wa dhambi? Mnahamasisha.

---

UstadhiNusu

@SautiYaNyikani taratibu. Kwetu Waislamu kujiua ni dhambi kubwa, hakuna anayebisha. Ipo hadithi katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alikataa yeye mwenyewe kumsalia mtu aliyejiua. Lakini wanazuoni walio wengi wanasema anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na anazikwa na Waislamu wenzake. Imamu mkubwa anaweza kujizuia ili iwe onyo, watu wengine wanasali. Na kumpa mfiwa pole hakujawahi kuwa na sharti la marehemu alikufaje.

Nimeona wenzangu wanakwenda msibani wakamwacha mjane wakaanza kujadili moto. Adabu gani hiyo?

---

Parokiani

Kwa Wakatoliki pia. Sheria za Kanisa za 1917 ziliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya Kanisa. Za 1983 zimeliondoa hilo. Katekisimu namba 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao na kwamba Kanisa linawaombea. Anayesema "hastahili" anasoma kitabu cha babu yake.

---

KatibuTawi

Naomba mjadala wa dini uishie hapo, umejibiwa vizuri pande mbili. @SautiYaNyikani, gari la msiba linawabeba walio hai kwenda kwa walio hai. Turudi kazini.

---

Ghorofa_ya_Tatu

Mimi nina swali la pembeni kidogo. Vipi kama aliyejiua ndiye mfanyakazi mwenyewe? Kwetu ilitokea. Ofisi nzima ndiyo wafiwa, lakini hakuna aliyepewa hata saa moja, maana kwa sheria mwenzako si ndugu. Meza yake ilikaa na kikombe chake na sweta kwenye kiti. Watu walikuwa wanapita mbali kwenda kwenye printa. Siku moja tukakuta kijana mpya ameketishwa pale, hajui chochote, anatumia kikombe kilekile.

---

BibiHesabu

Lo! Huyo kijana naye mlimkosea.

Vitu vya marehemu vinakusanywa na watu wawili, mmoja aliyemzoea, vinaorodheshwa, vinapelekwa kwa familia mkononi kwenye boksi safi. Si mfuko wa rambo. Meza ihamishwe au chumba kipangwe upya kabla ya kumkalisha mtu. Atolewe kwenye kundi la wasapu baada ya kuwaambia watu, si kufutwa kimyakimya usiku. Mshahara wake na stahiki zake zilipwe haraka, familia isizungushwe. Na yule aliyekuwa naye mara ya mwisho, aliyemwandikia onyo, aliyegombana naye juu ya ripoti, huyo mtafuteni yeye kwanza. Anajihukumu kimya.

---

Ghorofa_ya_Tatu

Na kama watu wanasema kazi ndiyo iliyomfikisha pale?

---

Kifungu

Hapo uongozi unajaribiwa kweli. Mara nyingi kujiua hakuna sababu moja, ni mambo yanayorundikana, ugonjwa wa akili, madeni, mapenzi, pombe, kazi. Lakini hilo lisiwe kichaka cha mwajiri. Ufaransa kampuni ya simu ya France Télécom ilikumbwa na vifo vya namna hiyo vya wafanyakazi, vyama vilihesabu 35 kati ya 2008 na 2009, wakati uongozi ukisukuma maelfu waondoke kazini. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni na wakuu wake wa zamani, akiwemo mtendaji mkuu Didier Lombard, kwa unyanyasaji wa kisaikolojia kazini, na kampuni ikapigwa faini ya euro 75,000. Rufaa ya 2022 iliwapunguzia wakuu adhabu lakini hatia ya Lombard ilibaki.

Kwa hiyo watu wakisema "ni kazi", uongozi usiwafunge midomo. Usikilize, uandike, uangalie rosta, malengo na msimamizi wa kitengo hicho. Na usitoe tamko la kuilaumu familia kwenye barua ya rambirambi. Nimewahi kuiona barua ya namna hiyo. Ilisomwa makaburini.

---

DerevaWaMasafa

Niongeze dogo. Kuna utani kila kazini, "hii ripoti nitajiua nayo", watu wanacheka. Sisemi upigwe marufuku. Lakini mfiwa akiwa chumbani na mtu akateleza, msigeuke wote kumtazama usoni. Endeleeni tu, mtu mmoja amwambie baadaye aliyeteleza. Yale macho kumi yakigeuka kwa pamoja yaliniuma kuliko utani wenyewe.

---

KatibuTawi

Nimechukua mengi. Rasimu yangu sasa iko hivi: siku 8 zenye malipo, orodha ya ndugu iongezwe mlezi, mjomba, shangazi, mama mdogo na baba mdogo. Saa za polisi na mahakama zisikatwe. Rambirambi na gari ni vilevile bila kujali sababu ya kifo. Mfiwa achague kinachotangazwa. Miezi 3 ya kwanza hakuna kuhamishiwa zamu ya usiku, hata akiomba mwenyewe, kabla hajakaa na mtu wa utumishi na mwakilishi wa tawi. Hakuna barua ya onyo la utendaji katika kipindi hicho bila kikao.

Uongozi umeshaonyesha watakapobana: uthibitisho. Wanataka cheti cha kifo ndani ya siku 7 za kurudi.

---

Kifungu

Sheria inamruhusu mwajiri kuomba uthibitisho wa kuridhisha, ila haisemi lazima kiwe cheti cha kifo. Andika "kibali cha mazishi, au barua ya serikali ya mtaa au kijiji". Cheti kwenye kifo chenye uchunguzi kinaweza kuchukua muda mrefu.

Jambo la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Karatasi hizo zinaweza kubeba sababu ya kifo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Weka mstari kwamba nakala inaonwa na afisa utumishi mmoja na inafungiwa kwenye jalada la siri, isipitie kwa msimamizi wa zamu wala mapokezi.

---

KatibuTawi

Nimeongeza yote mawili. Kikao ni Alhamisi. Wakikubali au wakikataa, nitaleta majibu hapahapa. Mwenye mkataba wa hali bora ambao tayari una kipengele cha saa za polisi aniwekee maneno yake hapa, nataka kuwaonyesha kwamba kuna waliotutangulia.